Bomba Wazi na Bomba Lililozibwa: Historia ya Sauti, Kutoka Kalerwe hadi Busoga



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na vijana wetu mlioko mashuleni, safari hii tunazungumzia bomba. Si bomba la maji, maana hilo hapa Kalerwe tumeshalisema mpaka tumechoka. Tunazungumzia bomba kama kitu kinachotoa sauti.

Mada hii ilikuja nyumbani kwangu bila kualikwa. Mtoto wa dada yangu anasoma kidato cha sita, na fizikia ni moja ya masomo yake. Jioni moja baada ya Isha nilimkuta akikariri huku akitikisa kichwa kama mtoto wa madrasa: bomba lililo wazi pande zote mbili lina hamoniki zote, bomba lililozibwa upande mmoja lina hamoniki za witiri peke yake. Nikamwuliza, "Maana yake nini?" Akanijibu, "Mjomba, hayo ndiyo wanayotaka kwenye mtihani."

Sikumlaumu. Shuleni kwao vifaa vya maabara ni vichache na wanafunzi ni wengi. Lakini jibu lake lilinikera, kwa sababu tunaishi katika nchi ambayo watu wake walipuliza mabomba ya aina zote mbili miaka mingi kabla mitihani haijafika. Kesho yake nilimtuma barabara ya Gayaza, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akaleta kipande cha bomba la plastiki, lile la kupitishia nyaya za umeme. Tukakata sentimita 30. Mdomoni tukachonga pengo dogo, kama lile la endere, filimbi ya Waganda.

Akapuliza. Mwanzoni ulitoka upepo tu, mke wangu akacheka. Baadaye sauti ikapatikana. Nikamwambia, "Sasa ziba ule mwisho wa chini kwa kiganja, upulize tena." Sauti ikashuka chini sana, karibu oktava nzima. Kijana akalitoa bomba mdomoni akalitazama. "Lakini bomba ni lile lile, mjomba!"

Ni lile lile kweli. Basi tuanzie hapo.

Kifundo na tumbo

Chukua kamba, funga ncha moja kwenye mti, shika ya pili uitikise. Wimbi linakwenda hadi kwenye mti na kurudi. Linaporudi linakutana na wimbi jipya linalotoka mkononi mwako, na ukipata mwendo unaofaa, kamba inaonekana kama imetulia katika umbo moja: sehemu fulani zinapanda na kushuka sana, nyingine hazisogei kabisa. Hayo ndiyo mawimbi yaliyosimama. Sehemu isiyosogea tuite kifundo, na sehemu inayocheza sana tuite tumbo.

Ndani ya bomba kinachocheza ni hewa. Pale bomba lilipozibwa hewa haina pa kwenda, kwa hiyo pana kifundo. Pale lilipo wazi hewa inaingia na kutoka kwa uhuru, kwa hiyo pana tumbo. Ukishayakubali mambo hayo mawili, mengine yote ni hesabu ya darasa la saba.

Kutoka tumbo hadi tumbo linalofuata ni nusu ya urefu wa wimbi. Bomba wazi lina tumbo kila upande, kwa hiyo wimbi lake refu kuliko yote ni mara mbili ya urefu wa bomba. Bomba lililozibwa lina kifundo upande mmoja na tumbo upande wa pili, na kutoka kifundo hadi tumbo ni robo tu ya wimbi, kwa hiyo wimbi lake ni mara nne ya bomba. Sauti husafiri kiasi cha mita 346 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 25, ambayo ni hali ya kawaida mchana hapa kwetu. Bomba letu la sentimita 30 likiwa wazi linatakiwa kutoa mitetemo kama 577 kwa sekunde. Likizibwa, 288. Hiyo ndiyo sababu sauti ilianguka.

Na witiri je? Vijana waliopita madrasa wana bahati, neno hili wanalo tayari. Kama rakaa za swala ya witri, hesabu ya witiri haigawanyiki kwa mbili, na mwenzake ni shufwa. Bomba lililozibwa lazima lianze na kifundo na kuishia na tumbo. Robo moja ya wimbi inaingia. Robo tatu zinaingia. Robo tano zinaingia. Lakini robo mbili haziingii, maana ukihesabu robo mbili kutoka kwenye kifundo unafika kwenye kifundo kingine, na mwisho ulio wazi haukubali kifundo. Kwa hiyo ukipuliza kwa nguvu zaidi, bomba lililozibwa linaruka kutoka 288 moja kwa moja hadi 865, mara tatu. Bomba wazi linaruka mara mbili tu, hadi 1,153. Sikio lolote linasikia tofauti hiyo, hata sikio la mtu ambaye hajawahi kuona ubao wa fizikia.

Namba hizo ni za karatasi. Katika bomba la kweli sauti haigeuki ukingoni pale pale, inachungulia nje kidogo, kiasi cha sehemu 0.6 ya nusu kipenyo cha bomba kwa kila mwisho ulio wazi, na mdomo wa mpulizaji nao unaziba kidogo. Ndiyo maana nilisema karibu oktava. Na kwa wale wanaodhani kwamba hewa nyepesi ya Kampala, kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, inabadilisha mwendo wa sauti: hapana. Joto ndilo linaloubadilisha. Filimbi iliyokubali asubuhi ya baridi itapanda kidogo ifikapo saa nane mchana.

Wenye elimu na mabomba yao

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma kwamba kila kitu kiligunduliwa na Waislamu, halafu Wazungu wakakichukua. Tuseme ukweli, maana ukweli unatosha. Abu Nasr al-Farabi, aliyefariki Damascus mwaka 950, aliandika Kitab al-Musiqa al-Kabir, na ndani yake alieleza kwa nini mzumari hutoa sauti nyembamba au nzito: umbali kutoka mahali pa kupulizia hadi kwenye tundu, upana wa njia ya hewa, na nguvu ya pumzi. Karne moja kabla yake, ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, walieleza namna ya kutengeneza chombo cha kujipuliza chenyewe kwa nguvu ya maji. Hayo ni makubwa. Lakini mawimbi yaliyosimama Farabi hakuyaeleza, na hana haja ya kusifiwa kwa asichokifanya.

Aliyeviita vifundo vifundo na matumbo matumbo, kwa Kifaransa chake, ni Joseph Sauveur, katika maandishi aliyoyawasilisha Paris mwaka 1701. Ajabu ya mtu huyu ni kwamba masikio yake yalikuwa mabovu, na alitegemea watu wengine wamsikilizie. Kisha Daniel Bernoulli mwaka 1762 akatoa maelezo ya mabomba ya kinanda cha kanisani, yaliyo wazi na yaliyozibwa, na hayo kwa sehemu kubwa ndiyo anayokariri mpwa wangu.

Kuhusu hukumu ya ala za muziki, wanazuoni wamezungumza mengi na wametofautiana, na mimi si mufti. Hapa tunasoma historia na fizikia.

Tete, mwanzi na kibuyu

Sasa turudi nyumbani. Endere ya Waganda ni bomba wazi. Ina pengo mdomoni na matundu manne. Kila tundu unalofungua unalifupisha bomba, kwa sababu hewa inapata mwisho mpya ulio wazi, karibu zaidi na mdomo. Matundu manne yanatoa sauti tano, na sauti tano ndizo zinazotumika katika nyimbo za Kiganda. Ukitaka za juu, unapuliza kwa nguvu, bomba linaruka oktava, na zile tano unazipata upya. Bomba lililozibwa lisingekupa hivyo, lingeruka mbali zaidi na kuacha pengo katikati. Aliyechagua bomba wazi kwa endere hakuwa na kalamu, lakini alijua anachokichagua.

Ukivuka Nile kwenda Busoga unakuta enkwanzi: vipande vya matete vya urefu tofauti, vimepangwa kuanzia kirefu hadi kifupi na kufungwa pamoja. Kila kipande kiko wazi juu na kimezibwa chini, na kinachokiziba si nta wala kizibo. Ni pingili ya tete lenyewe, kile kifundo cha mmea. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Kifundo cha tete kimekaa mahali pale pale penye kifundo cha wimbi. Faida yake ni kwamba kipande kilichozibwa kinatoa sauti ile ile ya bomba wazi lenye urefu maradufu, kwa hiyo mtu anaweza kushika mkononi sauti ambazo vinginevyo zingehitaji mianzi mirefu.

Aina ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ni mabaragumu ya vibuyu: Buganda na Bunyoro wanayaita amakondere, Busoga wanayaita bigwala. Vibuyu virefu vinaunganishwa kuwa bomba, na tundu la kupulizia liko ubavuni, karibu na ncha nyembamba. Watu wa pwani wataitambua namna hiyo, maana siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu nazo hupulizwa ubavuni. Midomo ya mpulizaji inafunga na kufungua kwa kasi, na kwa wimbi lililo ndani upande huo ni kama umezibwa. Mwisho wa pili uko wazi na umepanuka, na upanuzi huo unazisogeza hamoniki zisikae sawasawa na hesabu ya bomba lililonyooka. Hiyo tutaiacha kwa wanaosoma chuo kikuu.

Bigwala halina matundu ya vidole. Kila moja lina sauti yake moja, kwa urefu wake. Basi wimbo unapigwaje? Unapigwa na watu. Seti huanzia mabaragumu matano, kila mtu na lake, na kila mmoja anaingia pale tu sauti yake inapotakiwa kisha ananyamaza. Hakuna hata mmoja anayepiga wimbo. Wimbo unasikika katikati yao. Akikosekana mmoja, wimbo una tundu pale pale alipotakiwa kuingia.

Kipimo kilikaa wapi

Swali nililomwuliza mpwa wangu ni hili: kama urefu ndio unaoamua sauti, na hakuna aliyeandika urefu huo, kipimo kilihifadhiwa wapi?

Kilihifadhiwa masikioni na mikononi mwa watu, na watu hao walikaa karibu na wafalme. Amakondere yalikuwa ya ikulu. Bigwala yalipigwa kwenye kutawazwa na kwenye mazishi ya watawala wa Busoga. Fundi mpya alikata kibuyu chake akikilinganisha na cha mzee aliyekaa kando yake. Alisikiliza, akakata, akasikiliza tena.

Mzungu mmoja aliliona hilo mapema. Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alifika Uganda mwaka 1937 na akawa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957. Mwaka 1950 alichapisha katika jarida la Nature vipimo vya kinubi cha Kiganda, ennanga, akaonyesha kwamba mpigaji aligawanya oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Mpigaji huyo hakuwa na mashine. Sikio lake ndilo lililokuwa mashine. Miaka hiyo hiyo, 1950 na 1952, Hugh Tracey alikuja na vinasa sauti vyake akarekodi muziki wa ikulu za Uganda. Tunawashukuru wote wawili, ingawa nikiri kwamba inaniuma kidogo kwamba ilibidi watoke mbali.

Makumbusho hayo, kwa wasiojua, yameizunguka Kalerwe miaka yote. Yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard kwenye kilima cha Old Kampala, kilima kile kile ambapo leo umesimama msikiti wa taifa uliofunguliwa rasmi Machi 2008. Miaka ya 1940 yalihamia Makerere, na mwaka 1954 yakapata jengo lao Kitante, barabara ya Kira. Kutoka soko la Kalerwe hadi hapo ni mwendo wa miguu kwa kijana mwenye afya. Wachsmann hakutaka ala zikae kabatini tu. Aliwaweka wapigaji ndani ya makumbusho wazipige, na mmoja wao, Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, alifundisha watu wengi sana kabla ya kufariki mwaka 1993.

Kisha ikaja 1966. Tarehe 24 Mei jeshi liliishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza na kufia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote, Busoga ikiwemo. Wazee waliokuwepo wana kumbukumbu zao na siasa zake si za ukurasa huu. Ninalotaka tulione ni dogo zaidi. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika. Fundi aliyekata mabaragumu akarudi shambani. Hapakuwa na kutawazwa wala mazishi ya kifalme ya kupigiwa, na vibuyu vikakauka, vikapasuka, vikatupwa. Mwanzi unaweza kulala darini miaka na bado ukapuliza. Kibuyu kinaliwa na wadudu.

Buganda ilirudishiwa Kabaka wake mwaka 1993, na Busoga ikampata tena Kyabazinga mwaka 1995. Hiyo ni miaka zaidi ya 25 kutoka ile katiba, kizazi kizima. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza bigwala katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, na katika maelezo yaliyotolewa wakati huo, wazee mabingwa waliobaki wenye ujuzi wa kuyatengeneza, kuyapiga na kuyacheza walikuwa wanne.

Mpwa wangu alipolisikia hilo alihesabu kwa vidole. "Seti ni matano," akasema.

Ndiyo. Wanne hawatoshi kupiga wimbo mmoja wa watu watano. Katika fizikia ya kitabuni, mtu mmoja mwenye bomba moja na pumzi nzuri anaweza kupanda ngazi ya hamoniki peke yake. Katika bigwala elimu iligawanywa makusudi kati ya watu, na hilo ndilo lililoipa uzuri wake, na ndilo lililofanya iwe rahisi kupotea.

Kazi ya kuirudisha ilibidi ianzie shambani, kwa kupanda vibuyu vyenyewe, kwa sababu hata mbegu za aina ile ndefu zilikuwa zimeadimika. Kibuyu kinahitaji msimu wake wa kukua na muda wake wa kukauka, na ndipo vijana wanakaa na mzee, wanakata na kusikiliza. Hakuna jedwali la urefu wanalofuata. Wanafuata sauti ya baragumu lililo jirani.

Kwetu Kalerwe, Jumapili iliyofuata tulifanya jaribio la mwisho. Kijana aliazima uma wa sauti wa mitetemo 512. Tukajaza maji kwenye ndoo, tukasimamisha ndani yake bomba lenye upana wa sentimita mbili, tukalipandisha polepole huku uma ukilia juu yake. Lilipofika kiasi cha sentimita 16 juu ya maji, bomba likaitikia, sauti ikajaa chumba. Tukaendelea kupandisha. Kimya. Kimya. Likaitikia tena kwenye sentimita 50 na ushei. Kati ya miitikio miwili ni nusu ya wimbi, na ukilipata wimbi ukazidisha kwa 512 unapata mwendo wa sauti. Yeye alipata mita 343 kwa sekunde. Nikamwambia ni nzuri kwa ndoo na rula.

Sasa ameanza kuniuliza kama katika soko letu kuna anayeuza vibuyu virefu. Nimemwambia aanze kuuliza kwa akina mama wanaoleta mazao kutoka vijijini, alfajiri, kabla soko halijachangamka.